Dawa ya Kufukiza Udongo wa Kitalu

Ndugu mkulima, chimbua mche mmoja wa nyanya ulionyauka. Usiuvute kwa nguvu, mizizi itakatika. Sasa itazame mizizi yake. Je, ina vinundu vinundu kama shanga? Kama inavyo, udongo wako una minyoo fundo. Minyoo hii ni midogo sana, haionekani kwa macho. Huingia ndani ya mizizi na kuizuia isipandishe maji vizuri. Ndiyo sababu mche hunyauka mchana hata kama uliumwagilia asubuhi.

Minyoo fundo hushambulia pia tumbaku, bilinganya na bamia. Mara nyingi huanzia kitaluni, ikasafiri na miche mpaka shambani. Kwa hiyo tusafishe kitalu kwanza.

Zamani wakulima wengi wa tumbaku walitumia gesi iitwayo methili bromaidi. Gesi hiyo haina rangi, na mtu aliweza kuivuta bila kujua. Tena huharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na miale mikali ya jua. Kwa Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kufukizia udongo kwa gesi hiyo ifikapo mwaka 2015. Mtu akikuletea leo, usinunue.

Dawa mojawapo iliyochukua nafasi yake ni dazometi. Hii ni chembechembe. Ikikutana na udongo wenye unyevu, hugeuka kuwa gesi. Gesi hiyo huua minyoo, ukungu na mbegu za magugu. Lakini haichagui. Itaua na miche yako, na wewe itakudhuru.

Nunua dawa iliyosajiliwa tu, ikiwa katika mfuko wake wenye maandishi. Dawa iliyofungwa kwenye gazeti au kutiwa katika chupa ya soda, iache. Wewe sasa unajua kusoma. Soma maelezo yote ya mfuko. Kama ni ya Kiingereza, mwombe bwana shamba akueleze.

Lainisha udongo, umwagilie siku chache kabla ya kazi. Usitumie dawa karibu na nyumba, kisima au mimea mingine. Siku ya kazi vaa viatu vya mpira, glavu, nguo ndefu, miwani, na barakoa yenye kichujio kilichotajwa kwenye mfuko. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii gesi. Wengi hujidanganya hapo. Watoto, kuku na mbuzi wasikaribie. Usile wala kuvuta sigara.

Tawanya dawa kwa kipimo, ichanganye na udongo, mwagilia, kisha funika mara moja kwa nailoni. Fukia kingo zake zote.

Macho yakiwasha au kifua kikibana, ondoka upesi uende penye hewa safi. Vua nguo, jioshe kwa maji mengi, uende zahanati. Chukua na maelezo ya dawa umwonyeshe mganga.

Siku zilizoandikwa zikiisha, funua nailoni, tifua udongo, gesi itoke. Usipande bado. Chukua makopo mawili ya kioo yenye vifuniko. La kwanza tia udongo wa kitalu uliochimbwa chini kidogo, la pili udongo usiotiwa dawa. Lowesha, panda mbegu za saladi, funga vizuri. Baada ya siku mbili au tatu tazama. Zikiota sawa katika makopo yote mawili, panda. Zikikataa katika kopo la kwanza tu, gesi ingali imo. Tifua tena, ngoja, kisha jaribu upya.

Kwa kitalu kidogo cha nyumbani, mimi nashauri jua. Lowesha udongo uliolainishwa, ufunike kwa nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, ufukie kingo. Uache majuma 4 mpaka 6 ya kiangazi. Joto litapunguza sana minyoo na magugu, wala hutahitaji barakoa.

Zungumzeni darasani

1. Kwa nini kitambaa cha puani hakitoshi?

2. Mbegu za saladi hazikuota katika makopo yote mawili. Je, kosa ni la gesi au la mbegu?

3. Tuseme maelezo yanataka gramu 40 kwa kila meta ya mraba. Kitalu kina urefu wa meta 5 na upana wa meta 1. Utapima gramu ngapi?