Vifuko vya maji katika kongosho: kwa nini daktari anauliza habari za ukoo

Somo la leo linahusu vifuko vya maji vinavyoota katika kongosho, na wakati ambapo vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi.

Kongosho ni nini?
Ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji yanayosaga chakula, na pia insulini inayopunguza sukari katika damu.

Je, kifuko cha maji ni saratani?
Mara nyingi sivyo. Watu wengi, hasa wazee, wanacho bila kujua, na huonekana kwa bahati tu katika kipimo cha ultrasaundi. Aina chache huweza kugeuka saratani, kwa hiyo daktari ndiye anayeamua kama kifuatiliwe. Lakini kijana akikutwa na vifuko vingi, ni lazima kuuliza habari za ukoo wake.

Ugonjwa wa Von Hippel-Lindau (VHL)
Huu ni mmojawapo wa magonjwa hayo ya kurithi. Ni adimu: huwapata watu 1 hivi kati ya 36,000. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1993. Mgonjwa anaweza kuota vifuko vya maji katika kongosho na figo, uvimbe wa mishipa ya damu katika macho, ubongo na uti wa mgongo, uvimbe katika tezi zilizo juu ya figo, na saratani ya figo. Vifuko vya kongosho kwa kawaida havimdhuru sana. Faida ya kuvigundua ni kwamba vinatuonya tuchunguze viungo vingine mapema.

Je, unaambukiza?
Hapana. Wala si uchawi au laana, na mama asilaumiwe. Hitilafu hutoka kwa baba au kwa mama, na kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mgonjwa 1 hivi kati ya 5 ni wa kwanza katika ukoo wake.

Ufanye nini?
1. Waulize wazee: nani alipofuka akiwa kijana? Nani alifariki kwa uvimbe wa kichwani au ugonjwa wa figo? Nani alifariki ghafla akifanyiwa upasuaji au akijifungua?
2. Andika majibu, uyaweke pamoja na kadi yako ya kliniki.
3. Nenda kituo cha afya ukiona damu katika mkojo, macho kuwa ya manjano, kupungukiwa kuona, kuyumba unapotembea, au kichwa kuuma ghafla pamoja na jasho na moyo kwenda mbio.
4. Kama ukoo wenu una VHL, mweleze daktari au mkunga kabla ya upasuaji au kujifungua. Uvimbe wa tezi za juu ya figo huweza kupandisha shinikizo la damu kiasi cha kuua, lakini ukijulikana mapema unatibika.

Wengi wenu mmetengana na jamaa zenu, na vyeti vya hospitali vimepotea njiani. Kwa hiyo anachokumbuka bibi au mjomba ni msaada mkubwa kwa daktari. Waulizeni wangali nanyi.