Kabla ya kufunga shanta kwenda Mlima Kenya

Wiki hii ningependa tuzungumzie shanta. Huenda msomaji akauliza shanta na udaktari vinahusiana vipi. Lakini Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, mvua inapopungua, makundi ya wafanyakazi wa afisi na wanafunzi wa vyuo hutoka Nairobi kwenda kupanda Mlima Kenya. Baadhi yao hurudi wagonjwa kwa sababu ya walichobeba, au walichoacha nyumbani.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa njia ngumu. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari, tulipanda vijana sita kwa njia ya Naro Moru. Ukipita kituo cha Met, kuna mteremko wa kinamasi ambao kila mpandaji anaukumbuka. Mvua ilitunyeshea humo, nasi sote tulikuwa tumevaa jinzi. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akitetemeka tangu adhuhuri, akaacha kutetemeka. Tulifurahi, tukidhani amepata joto. Kisha akaanza kujikwaa na kuongea kama mlevi, akataka kuketi kwenye tope alale. Aliyemwokoa ni mzee aliyetubebea mizigo. Alimvua nguo zote mbichi, akamvika sweta lake mwenyewe lililokuwa kavu, akamfunika blanketi na kumnywesha chai ya sukari nyingi kidogo kidogo. Sisi wa chuo kikuu tulisimama tu tukitazama.

Ugonjwa huo huitwa haipothamia. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, hushuka chini ya 35. Kuacha kutetemeka kabla mgonjwa hajapata joto ni dalili mbaya, maana mwili umechoka kujitetea. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Fanya hesabu ndogo. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 na kilele cha Lenana kwenye 4,985. Kwa hivyo huko juu ni baridi kuliko Nairobi kwa nyuzi 20 au karibu, na wapandaji wengi huelekea kileleni saa tisa usiku, upepo ukivuma.

Basi jinzi iache nyumbani, pamoja na fulana za pamba. Pamba hunywa maji na kukaa nayo, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka mno. Vaa nguo kwa matabaka: ya ndani nyepesi isiyo ya pamba, ya kati sweta la sufu, na ya nje koti lisilopitisha maji wala upepo. Hakuna haja ya kumaliza mshahara dukani, kwani Gikomba kuna masweta mazuri ya sufu ya mitumba. Pesa zako zitumie kwa buti na mfuko mzito wa kulalia. Buti livae mjini majuma kadhaa kabla ya safari, la sivyo malengelenge yatakurudisha ukiwa njiani.

Jozi moja ya soksi na nguo za ndani ni za kulalia tu. Hazivaliwi mchana hata zile nyingine zikilowa. Hili ndilo sharti wagonjwa wangu hulivunja sana. Zamani tulizifunga nguo hizo kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupwa haziruhusiwi kwenye mbuga za kitaifa. Tafuta mfuko wa turubai usiovuja na chupa ngumu. Usiku ilaze chupa kichwa chini. Maji huganda kuanzia juu, nawe asubuhi utaweza kuifungua.

Kofia, glavu, miwani ya jua na tochi ya kichwani havihitaji maelezo. Karanga, tende na chokoleti ziwe mfukoni, wala si katika kina cha shanta, kwani aliyechoka hataki kulifungua.

Kuhusu dawa, wengi huniomba Diamox. Kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku, akianza siku moja kabla ya kupanda. Lakini muone daktari kwanza, hasa ikiwa dawa za salfa hukudhuru. Vidole vikikuwasha na ukienda haja ndogo mara kwa mara, usishtuke. Ila kichwa kikiuma sana huku unatapika au unayumba, hakuna kidonge kitakachokuruhusu kuendelea. Shuka, hata kama ni usiku.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kabisa. Mwenye pumu aweke pampu yake ndani ya koti, karibu na ngozi, kwa kuwa ikipoa sana haitoi dawa ya kutosha.