Ukurutu wa Mikono kwa Wabanguaji wa Korosho
Naliendele, mkoani Mtwara, inafahamika kwa kituo chake cha utafiti wa korosho. Zao hilo linalozilisha kaya nyingi za kusini huweza pia kuiumiza mikono inayolibangua.

Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye asidi ya anakadi na kadoli. Mafuta hayo huunguza ngozi. Tena kwa baadhi ya watu mwili hujenga mzio. Kila mguso unaofuata huleta, baada ya siku moja au mbili, mwasho, uvimbe na malengelenge. Ugonjwa ukidumu, ngozi huwa nene, nyeusi zaidi na yenye mipasuko. Huu ni ukurutu wa mguso. Hauambukizi, wala dawa ya fangasi haiuponyi.

Tiba huanza kwa kuondoa chanzo. Mbanguaji avae glavu za mpira zilizo safi ndani, na amalizapo kazi anawe kwa sabuni na maji. Kisha apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na arudie kila anawapo. Uvimbe ukizidi, tabibu ataagiza marhamu ya steroidi kwa muda maalumu. Ikitumiwa kiholela hudhoofisha ngozi. Usaha, homa, au uvimbe wa uso na macho ni dalili za kwenda kituo cha afya bila kukawia.

Kupaka dawa jioni na kulirudia ganda asubuhi kwa mikono mitupu ni kutwanga maji kwenye kinu.