BARUTI, GOBORE NA MSHALE: SOMO KWA WATU WA MBULU NA HANANG

Wasomaji wetu, leo twataka kueleza habari za baruti nyeusi na za bunduki ya kushindilia, ile iitwayo gobore au gobori. Tumelichagua somo hili kwa sababu katika nyumba nyingi za wazee, toka vilima vya Mbulu hata chini ya mlima Hanang, bado husikika kwamba kuna bunduki ya babu iliyochomekwa darini juu ya moto, nayo haijaguswa miaka mingi. Vijana huitazama kwa tamaa. Mmoja asema ataisafisha tu. Wa pili asema ataitengenezea risasi kwa mikono yake mwenyewe, kama watu wa nchi nyingine wafanyavyo kwa kujifurahisha. Yafaa basi wajue kitu hicho ni nini, nacho chafanyaje kazi, kabla hawajanyosha mkono.

Kwanza tuseme juu ya baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa ya miti. Wachina waliijua tangu karne ya 9. Katika mchanganyiko ule shura ndiyo iliyo nyingi, kadiri ya robo tatu, na hii si bure. Kila kitu kiwakacho chataka hewa. Ukifunika jiko, moto wafa. Lakini ndani ya kasiba ya bunduki hakuna hewa ya kutosha, na shura ndiyo iliyobeba hewa yake ndani yake, huitoa ipatapo moto. Kwa hiyo baruti huwaka hata ikizibwa, na kwa sababu hiyohiyo huwezi kuizima kwa kuifunika, wala kwa kuikanyaga. Makaa ni chakula cha moto. Kiberiti nacho hufanya moto ushike upesi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baruti nyeusi ikiisha kuwaka, haigeuki yote kuwa hewa. Zaidi ya nusu yake hubaki kuwa vumbi gumu, na vumbi hilo ndilo moshi mweupe mzito tuuonao, na ndilo masizi yanayoganda ndani ya kasiba. Masizi hayo huvuta unyevu, na chuma kikiachwa nayo usiku mmoja tu wakati wa masika, asubuhi kimeanza kula kutu. Wenye kujua huosha kasiba kwa maji ya moto na sabuni siku ileile, kisha huikausha na kuipaka mafuta. Basi fikiri mwenyewe: kasiba iliyofyatuliwa mara ya mwisho siku za babu, ikawekwa bila kuoshwa, imeliwa kiasi gani kwa ndani? Nje yaonekana nyeusi na nzuri, kwa kuwa moshi wa jikoni umeihifadhi. Ndani ni ganda tu.

Bunduki za namna hii zilifikaje kwetu? Karne ya 19 zilipita bandari ya Unguja kwa maelfu, nyingi zikiwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, na nyingine zilizoundwa kwa biashara tu katika miji kama Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji. Misafara ilizichukua bara ili kubadilisha kwa pembe za ndovu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa bunduki hizo. Nchi ya Wairaqw na ya Wadatoga haikuwa katikati ya njia kuu ya Tabora, lakini njia ya kutoka Pangani ilifika Irangi, nako si mbali. Oscar Baumann, Mwaustria, alipita sehemu hizi mwaka 1892.

Bunduki za kwanza zilikuwa za gumegume: jiwe gumu hupiga chuma, cheche huangukia baruti kidogo katika kisahani, na moto hupenya tundu kufika ndani. Mwaka 1807 kasisi mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hati ya namna mpya ya kuwasha kwa dawa inayolipuka ikigongwa, na kutoka hapo ikaja fataki. Tofauti yake ni kubwa. Gumegume hushindwa na mvua. Fataki haijali sana. Mataifa yalipokutana Brussels mwaka 1890, yakatia sahihi mkataba wa kuzuia silaha zisiingie Afrika kati ya nyuzi 20 za kaskazini na 22 za kusini, yaliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Sababu waliyoisema ni kukomesha vita vya kukamata watumwa. Lakini sisi twaona pia kwamba aliyebaki na gumegume mbele ya mwenye bunduki ya kisasa hakuwa na la kusema. Wahehe wa Mkwawa walipolipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kazi kubwa ilifanywa na mikuki, tena kwa kuvizia, siyo kwa baruti.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingine kupiga bunduki za zamani ni mchezo wa heshima. Huko Marekani chama kikubwa cha mchezo huo kilianzishwa mwaka 1933, nacho hukutana katika mji mdogo wa Friendship, jimbo la Indiana. Watu huyeyusha risasi wenyewe, hupima baruti kwa kipimo, hushindana kulenga shabaha. Kijana wa kwetu akiona picha zao, husema, “Nami naweza.” Lakini picha haionyeshi yote. Katika Uingereza, bunduki haikuuzwa kabla ya kupelekwa katika nyumba ya majaribio, nyumba ya London ikifanya kazi hiyo tangu karne ya 17 na ya Birmingham tangu mwaka 1813. Humo hutiwa baruti nyingi kuliko desturi, ikafyatuliwa bila mtu kuishika. Ikistahimili, yapigwa chapa. Ikipasuka, imepasuka mbali na uso wa mtu. Gobore la kwetu liliundwa kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa motokaa, likafungwa kwa waya. Nani alilijaribu? Jaribio lake ni shavu la mwenye kulishika.

Hapa tupanue maneno kidogo, maana ndipo watu wanapopotelea macho na vidole.

Sababu ya kwanza ya gobore kupasuka ni nafasi tupu. Risasi yapasa kukaa imegusana na baruti. Ikikwama katikati ya kasiba kwa ajili ya masizi, moto huanza nyuma na kupata mbio, kisha huigonga ile risasi kama kwamba kasiba imezibwa. Chuma huvimba au hupasuka mahali pale. Sababu ya pili ni cheche iliyobaki. Mtu amepiga, asubiri kidogo tu, atia baruti nyingine. Chembe moja ya moto iliyolala katika masizi yaiwasha, na mdeki waruka na mkono wake.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kutia baruti isiyo yake. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, na hiyo ndiyo iliyomo katika risasi za bunduki za siku hizi. Kwa macho ni chembe ndogo tu, na asiyejua hudhani baruti ni baruti. Tofauti ni hii: baruti nyeusi huwaka kwa kadiri ya ukubwa wa chembe zake, na kubanwa hakuiongezei mbio sana. Baruti isiyo na moshi kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka upesi, na kadiri inavyowaka upesi ndivyo inavyozidi kubanwa. Mtu akivunja risasi ya kisasa na kuumimina unga wake katika gobore, hakutengeneza bunduki. Ametengeneza bomu na kuliegemeza begani. Na wale wanaokwangua vichwa vya viberiti, tuwaambieje? Unga ule hauhitaji hata fataki. Msuguano peke yake watosha.

Kadhalika tuitazame risasi yenyewe. Lugha yetu imeita kwa neno moja madini na kipande kirukacho, na madini hayo huyeyuka kwa moto wa digrii 327 tu, yaani moto wa mafiga waweza. Ndiyo maana mtu huona ni kazi rahisi, achukue sufuria na betri kuukuu ya motokaa. Lakini sumu ya risasi huingia kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono isiyonawiwa, nayo huumiza zaidi watoto, hudumaza akili zao wala hairudi nyuma. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa ajili ya kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri karibu na nyumba zao, hata shauri likafika mahakamani. Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi kupikiwa ugali kamwe, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara saba.

Sheria nayo ni fupi kueleza. Katika Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 yakataza mtu kuwa na silaha bila leseni, na yakataza kuunda silaha au risasi bila ruhusa. Gobore la urithi halina msamaha kwa kuwa ni kuukuu. Na anayekwenda nalo porini huingia pia katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Sasa, je, nchi hii haikuwa na ufundi wake wa kujitengenezea risasi? Ulikuwako, na bado uko, tena ni ufundi ambao hao wa Indiana wangesafiri mbali kuutazama. Ni mshale. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kando ya ziwa Eyasi kila mmoja hutengeneza mishale yake mwenyewe. Mti wake mara nyingi ni mkole. Huukata mbichi, huumenya, huupasha moto juu ya makaa, kisha huunyosha kwa meno huku akifumba jicho moja kuutazama. Hapana haraka. Mti ulionyoshwa vibaya hurudia upindo wake, na mshale uliopinda wadanganya hata jicho la mpiga hodari. Manyoya hufungwa nyuma ili ushike njia, na kamba ya upinde husokotwa kwa mishipa ya mnyama mkubwa.

Kila mshale una kazi yake. Wa ndege na wanyama wadogo una ncha ya mti tu. Wa mnyama mkubwa una ncha ya chuma, wakati mwingine wenye sumu itokayo katika utomvu wa mti ambao wataalamu huuita Adenium, au katika mbegu za Strophanthus. Chuma chenyewe Wahadzabe hawakichimbi. Huupiga msumari kwa jiwe au nyundo, bila moto, hata ukalainika kuwa ncha, au hupata vyuma kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana asali na nyama. Wahunzi hao, Wagidang'odiga, ni ukoo wa peke yake, na majirani wamewatenga katika ndoa tangu zamani ijapokuwa hawawezi kuishi bila kazi yao. Hili latushangaza kila tulifikiripo: yule atiaye mkuki mkononi mwako humpi binti yako.

Angalia pia tofauti ya hesabu. Mpiga gobore, akisha kufyatua, amepoteza baruti, fataki na risasi, na mnyama wote wa bonde wamekimbia. Mpiga mshale huufuata mshale wake, huuokota, huunyosha tena. Kijana mwenye tamaa ya kulenga na akae na mzee mwenye ujuzi huo, ajifunze kunyosha mti mmoja sawasawa, apige shabaha ya jani kavu. Ataona siku zaisha bila kuchoka.

Imebaki ile bunduki ya darini. Wengi huuliza, ikiwa imekaa miaka 60 au 80, si imekufa? Hapana. Baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haiozi. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mtu mmoja mwenye kukusanya makombora ya vita vyao vya mwaka 1861 hata 1865 aliuawa na kombora moja alipokuwa akilishughulikia nyumbani kwake, baada ya zaidi ya miaka 140. Na darini juu ya jiko ni mahali pakavu kuliko pengine pote nyumbani. Basi lihesabu gobore hilo kuwa lina baruti ndani mpaka mwenye ujuzi aseme halina. Usilitie mdeki kupima, usichokoe tundu lake kwa waya, usilisogeze karibu na moto, wala usichungulie mdomo wake.

Mwaka 2023 Serikali ilitoa muda wa msamaha, toka tarehe 1 Septemba hata 31 Oktoba, ili wenye silaha zisizo halali wazirudishe kwa hiari bila kushitakiwa, na nyakati za namna hiyo zilipata kutangazwa hata kabla ya hapo. Wakati usio wa msamaha, tusingependa mtu abebe gobore begani barabarani akiwa na nia njema, maana anayemkuta njiani haioni nia. Aliache lilipo, awatoe watoto katika chumba kile, aende mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji, na pamoja naye wafike kituo cha polisi kueleza: ni la nani, lilipatikana lini, liko wapi. Polisi watakuja kulichukua wenyewe. Ikiwa wazee watataka kumbukumbu yake, waombe mwandishi wa kijiji aandike jina la babu aliyekuwa nalo na habari zake, kabla wanaozijua hawajaondoka.