SOMO LA AFYA: MTINDI KATIKA CHAKULA CHA MWENYE KISUKARI



Mkulima wa ufuta na korosho huutegemea mwili wake kabla ya jembe lake. Kisukari kisipodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Kidonda kidogo cha shambani, kisichosikika maumivu, huweza kumfanya mtu akatwe mguu. Kwa hiyo chakula cha mwanachama mwenye kisukari ni jambo linalostahili kuzungumzwa chamani.

Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, na baadhi yao kuhamia Mkoa wa Lindi, ng'ombe wameongezeka wilayani Kilwa. Wanachama wa Miteja wana haki ya kuuliza: je, mwenye kisukari aweza kunywa mtindi? Aweza, kwa masharti matatu.

1. Mafuta yapunguzwe

Kwa asili, mtindi ni maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi. Siku hizi jina hilo hutumika hata kwa maziwa ya mgando yenye mafuta yote. Bilauri ya mililita 250 ya maziwa yenye mafuta yote ina takriban kalori 150; yaliyotolewa mafuta yote hayafiki 100. Nyumbani, chemsha maziwa vizuri ili kuua vijidudu, yaache yapoe, uondoe utando wa mafuta ulioganda juu, ndipo uyagandishe. Njia hii hupunguza mafuta, ingawa haiyamalizi.

2. Sukari isiongezwe

Bilauri hiyo tayari ina takriban gramu 12 za sukari ya asili ya maziwa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4. Anayetia vijiko vitatu ameongeza gramu 12 nyingine, yaani ameizidisha sukari mara mbili. Kwa mtindi wa dukani, soma maandishi ya kopo: mtindi mtupu huwa na gramu 4 hadi 5 za sukari katika kila gramu 100. Ukikuta 10 au zaidi, jua umetiwa sukari, hata kama umeandikwa kuwa hauna mafuta.

3. Uhesabiwe ndani ya mlo

Mtindi si maji ya kuteremshia chakula. Bilauri moja hulingana, kwa wanga, na vijiko vinne vya mezani vya wali. Anayeunywa apunguze wali au ugali wa muhogo kwa kiasi hicho, ale na samaki wa kuchoma na kisamvu kisicho na nazi nyingi.

Tahadhari

Mtindi si dawa. Asiache mtu vidonge wala insulini kwa ajili yake. Mgonjwa atumiaye dawa hizo akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Apewe upesi maji ya sukari au soda, iwapo aweza kumeza, kisha apelekwe kwa mganga. Wakati huo mtindi haufai, kwani hupandisha sukari polepole. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza shauri la mganga.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtindi usio na mafuta waweza bado kumdhuru mwenye kisukari?
2. Katika mikutano yetu mikuu, mwanachama mwenye kisukari huandaliwa nini badala ya soda na maandazi?
3. Ni nani chamani ajuaye la kufanya sukari ya mwenzetu ikishuka?