Wapuritani wa Massachusetts: Agano la Wazee na Imani ya Watoto

Watu wengi wamesikia habari za Waingereza waliovuka bahari kwenda Marekani katika karne ya 17 kwa ajili ya dini yao. Mara nyingi habari hiyo huishia pwani, kana kwamba waliokwisha kufika walikuwa wamekwisha kupata walichokitafuta. Lakini lenye mafunzo zaidi ni lile lililotokea baadaye, wazee walipozeeka na watoto wao wakaachiwa kazi ambayo hawakuichagua wenyewe. Hilo ndilo somo letu.

WAPURITANI WALIKUWA NANI?

Kanisa la Uingereza lilikuwa chini ya mfalme. Wapuritani walikuwa Wakristo waliotaka Kanisa hilo lisafishwe, yaani liondolewe mavazi, ibada na desturi ambazo, kwa maoni yao, hazikuamriwa katika Biblia. Baadhi ya watu wenye mawazo hayo walikata tamaa, wakajitenga na Kanisa kabisa. Miongoni mwao ndimo walimotoka waliosafiri katika merikebu iitwayo Mayflower na kuanzisha mji wa Plymouth mwaka 1620. Walio wengi hawakujitenga.

Mwaka 1629 Mfalme Charles I alivunja Bunge akaanza kutawala peke yake. Mwaka huo huo kampuni ya Wapuritani ilipata hati ya mfalme ya kuanzisha makao Massachusetts. Mwaka 1630 Gavana wao, mwanasheria John Winthrop, aliondoka na merikebu 11 zilizochukua watu wapata 700. Waliichukua hati yenyewe pamoja nao, na kwa njia hiyo kampuni ya biashara ikageuka kuwa serikali ng'ambo ya bahari.

AGANO

Winthrop aliwafundisha wenzake kwamba wamefanya agano na Mungu, na kwamba watakuwa kama mji uliojengwa juu ya kilima, ambao hauwezi kufichika. Wakilishika agano watabarikiwa. Wakilivunja watakuwa kichekesho cha ulimwengu.

Mambo yao yote yalijengwa juu ya wazo hilo. Tangu mwaka 1631 haki ya kupiga kura katika mambo ya koloni ilipewa wanaume waliokuwa washirika wa kanisa tu. Na ushirika haukupatikana kwa kuhudhuria ibada: ilimpasa mtu kueleza mbele ya kanisa jinsi neema ya Mungu ilivyoubadili moyo wake, nao washirika wampime. Tena, kwa kuwa kila mtu alitakiwa kuisoma Biblia mwenyewe, walihimiza sana elimu. Chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na sheria ya mwaka 1647 iliuamuru kila mji wenye nyumba 50 kuweka mwalimu wa kusoma na kuandika.

Lakini uhuru walioutafuta kwa ajili yao wenyewe hawakuwapa wengine. Roger Williams, aliyefundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635. Akaenda kuanzisha mji wa Providence. Anne Hutchinson, mwanamke aliyeeleza mahubiri nyumbani kwake na kuwakosoa wachungaji, alishtakiwa mwaka 1637 naye akafukuzwa. Mary Dyer, wa madhehebu ya Marafiki ambayo leo yana wafuasi wengi katika Kenya ya magharibi, alinyongwa Boston mwaka 1660.

WATOTO WA AGANO

Tatizo kubwa, hata hivyo, halikutoka kwa wapinzani, lilitoka nyumbani. Wazee walikuwa wameacha mashamba na jamaa zao kwa ajili ya imani. Watoto wao walizaliwa ndani ya agano, wakabatizwa, wakakua na tabia njema, lakini wengi hawakuweza kusimama na kushuhudia badiliko kama lile la baba zao. Wala hawakutaka kusema uongo. Shamba hurithiwa, ushuhuda haurithiwi.

Ndipo watoto hao walipopata watoto wao. Je, mjukuu wa mshirika abatizwe, ikiwa wazazi wake si washirika kamili? Kukataa kungelifanya kanisa kuwa la wazee wachache. Kukubali kungeliondoa sharti lililolitofautisha kanisa hilo na lile la Uingereza. Mwaka 1662 mkutano wa makanisa uliamua hivi: waliobatizwa utotoni, wenye mwenendo mwema na waliolikiri agano, waletewe watoto wao ubatizo, lakini wao wenyewe wasishiriki Meza ya Bwana wala kupiga kura kanisani. Baadaye mpango huo uliitwa kwa dhihaka Agano la Nusu Njia. Uliwagawanya Wakristo sana, hata mwaka 1669 watu waliouunga mkono walitoka katika kanisa la kwanza la Boston wakaanzisha lao.

AHADI KWA WENYEJI

Hati ya mwaka 1629 ilitaja kuwavuta wenyeji katika imani ya Kikristo kuwa kusudi kuu la makao yale, na mhuri wa kampuni ulimwonyesha mwenyeji akiomba msaada. Mchungaji John Eliot alijifunza lugha yao, na Biblia nzima katika lugha hiyo ilipigwa chapa mwaka 1663. Lakini walowezi waliongezeka na ardhi ya wenyeji ikapungua. Vita vilipozuka mwaka 1675, wenyeji Wakristo wengi waliondolewa vijijini mwao wakawekwa katika Kisiwa cha Deer wakati wa baridi kali, na wengi wao wakafa. Wale waliokuwa wameitika mwito wa Wapuritani hawakuaminiwa nao.

MWISHO WA UTAWALA WA WATAKATIFU

Hati ya kwanza ilifutwa mwaka 1684. Hati mpya ya mwaka 1691 iliweka mali, si ushirika wa kanisa, kuwa sharti la kupiga kura. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa Salem kwa mashtaka ya uchawi. Miaka mitano baadaye, mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani huku mchungaji akisoma maneno yake ya kukiri kosa na kuomba msamaha. Wengi wa mahakimu wenzake hawakufanya hivyo. Kodi ya kuyasaidia makanisa iliendelea Massachusetts mpaka mwaka 1833.

Basi tuone yaliyodumu. Shule zilidumu, na mikutano ya miji pia, kwa sababu kila kizazi kiliweza kuvitumia kwa haja zake. Kilichoshindikana ni kuulazimisha moyo wa mtoto uwe kama moyo wa baba yake.

MASWALI

1. Kwa nini ushirika wa kanisa ulikuwa pia jambo la utawala?
2. Mkutano wa mwaka 1662 ulitaka kutatua shida gani?
3. Kama ungalikuwa mzee wa kanisa Boston mwaka ule, ungaliamua nini? Eleza sababu zako.