Fizikia ya Vitendo: Alama 40 Zinazotegemea Mikono

Msimu wa KCSE unapokaribia, mazungumzo nyumbani huwa ni vitabu vya marudio na masomo ya ziada. Karatasi ya Tatu ya Fizikia, ile ya vitendo, huachiwa mwalimu na maabara. Ilhali ina alama 40 kati ya 200 za somo zima, yaani sehemu moja kwa tano.

Mtahiniwa hupewa saa mbili na nusu kwa maswali mawili. Dakika 15 za kwanza ni za kusoma maswali na kuhakikisha kuwa vifaa vyote vipo mezani. Dakika hizo zisipuuzwe. Waya uliokatika ukigunduliwa mapema hubadilishwa. Ukigunduliwa katikati ya swali, muda umeshapotea.

Anayesahihisha hayupo maabarani. Huona karatasi tu, na alama hutolewa kwa vipimo vilivyoandikwa, usahihi wake na jinsi vilivyotumiwa. Kwa hivyo kipimo kiandikwe papo hapo kinaposomwa.

Chukua mfano wa pendulamu, jaribio ambalo hata nyumbani linawezekana. Funga nati kwenye uzi, uuning'inize ili urefu kutoka pale uliposhikiliwa hadi katikati ya nati uwe sentimita 50.0. Ivute kidogo kando, uiachilie ibembee. Kwenda na kurudi mara moja huchukua takriban sekunde 1.42. Sasa, kidole cha binadamu kinaweza kuchelewa au kuwahi kwa sekunde 0.2 kubonyeza saa. Ukipima mbembeo mmoja, kosa hilo ni asilimia 14 ya kipimo. Ukipima mibembeo 20, ambayo huchukua sekunde 28.4 hivi, kosa ni lile lile, lakini sasa halifiki asilimia moja. Ndiyo sababu swali huagiza mibembeo mingi kisha ugawanye. Na hesabu ianze kwa sufuri saa inapobonyezwa. Anayeanza kwa moja hupata mibembeo 19 akidhani ni 20, na jedwali lake lote huharibika.

Kuna kosa jingine dogo lenye gharama. Rula ya mita ina alama za milimita, hivyo urefu huandikwa 25.0 cm, si 25. Ile sufuri inamwambia msahihishaji kwamba milimita zilitazamwa. Kalipa ya vernier husomwa hadi sentimita 0.01, na maikromita hadi milimita 0.01, zote zifungwe kwanza kuona kama zinasoma sufuri. Jicho nalo liwe mkabala na alama inayosomwa, lisitazame kwa upande.

Kwenye umeme, swichi ifungwe wakati wa kusoma tu. Ikiachwa, betri huchoka na vipimo vya mwisho havilingani na vya kwanza.

Grafu nayo ina alama zake: vipimo vya mhimili viwe rahisi na sawa, mihimili itajwe pamoja na vizio, nukta ziwekwe mahali pake, na mstari uchorwe ukipita kati ya nukta. Wapo wanaojua jibu "linalotakiwa" na kubuni tarakimu ili nukta zote zikae kwenye mstari. Hilo ni udanganyifu, na halifundishi chochote.

Shule za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa; kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Hata hivyo, mzazi ni mkazi wetu, na ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa shule: mtoto wangu ameshika vifaa mara ngapi muhula huu, na wanafunzi wangapi hutumia meza moja? Mahali ambapo wanafunzi kumi huzunguka voltimita moja, mmoja hupima na tisa hunakili. Zamu za Jumamosi zinaweza kusaidia hata kabla ya pesa za vifaa kupatikana.

Kuhusu orodha ya vifaa ambayo Baraza la Mitihani (KNEC) hutumia shule kwa siri: ni ya kumwezesha mwalimu kuandaa maabara, si ya mtahiniwa. Anayekuuzia "siri" hiyo kwa simu anakualika kwenye kosa la jinai. Piga ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.